Mboga Yako Imenyweshwa Maji Gani?

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Unguja. Limesomwa na Ofisa wa Elimu.

(Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya kabla ya somo: madini, risasi, kadimiamu, miligramu, mtaro, mboji, maabara.)

Nataraji kila mmoja ana karatasi na kalamu, maana leo tutasoma, tutafanya hesabu kidogo, na mwisho tutaandika barua.

Somo letu ni juu ya mboga. Huenda mtu akacheka akasema, "Mimi nalima mchicha tangu utoto wangu, huyu wa redioni atanifundisha nini?" Ni kweli. Katika kulima, nyinyi ndio walimu. Lakini liko jambo katika mboga ambalo halionekani kwa macho, halina harufu, wala halibadili ladha. Mkulima hodari hawezi kulijua kwa kulitazama jani. Mpishi hodari hawezi kulijua kwa kuonja mchuzi. Hujulikana kwa kupimwa tu. Jambo hilo ni madini mazito.

Madini mazito ni nini?

Katika ardhi ya Mwenyezi Mungu mna madini ya namna nyingi. Mengine mwili wetu unayahitaji kwa kiasi kidogo. Chuma hutengeneza damu. Zinki humsaidia mtoto kukua. Shaba nayo ina kazi yake. Yakizidi, haya nayo hudhuru.

Lakini yapo madini ambayo mwili hauna haja nayo hata kidogo. Leo tutataja mawili. La kwanza ni risasi. Wavuvi wanaijua, ndiyo ile inayozamisha nyavu. Imo ndani ya betri za gari, na ilikuwa ikitiwa katika rangi nyingi za kupakia nyumba. La pili ni kadimiamu. Hii wengi wetu hatujapata kuiona, lakini imo katika baadhi ya betri ndogo, katika rangi nyingine za plastiki, katika vumbi la matairi, na kidogo katika mbolea za chumvichumvi zenye fosfeti.

Ubaya wa madini haya ni kwamba hayaozi. Jani likianguka litaoza. Mfupa utaoza baada ya miaka. Risasi iliyoingia katika udongo wa shamba leo, mjukuu wako ataikuta. Na moto haiwezi kuiua. Maji yakichemka huua vijidudu vya kipindupindu, lakini risasi ikitiwa chunguni hutoka chunguni vile vile ilivyoingia.

Yanaingiaje katika mboga?

Ziko njia nne. Tuzihesabu kwa vidole.

Njia ya kwanza ni maji. Wanaoijua Mwanakwerekwe wanajua jinsi maji ya masika yanavyokusanyika katika bonde lile. Maji yale hayakutoka mbinguni moja kwa moja mpaka pale. Yamepita barabarani, yamepita katika gereji, yamepita penye vyuma chakavu na majaa ya taka, ndipo yakafika. Kila mahali yamebeba kitu. Hivyo ndivyo yalivyo maji ya mitaro katika kila mji. Mtu akiyachota kwa ndoo akamwagilia matuta yake, amemwagilia na vile vilivyobebwa.

Njia ya pili ni vumbi. Kwa miaka mingi petroli ya magari ilikuwa ikitiwa risasi. Nchi karibu zote za Afrika kusini ya Sahara ziliacha jambo hilo kufikia mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani kuacha ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Tumeshukuru. Lakini tumekwisha kusema kwamba risasi haiozi. Iliyoanguka kando ya barabara kuu zamani ingali katika udongo, na gari zikipita hupeperushwa, ikatua juu ya majani. Mboga iliyopangwa chini pembeni mwa barabara ili iuzwe nayo hupata sehemu yake.

Njia ya tatu ni mbolea na majivu. Samadi ya ng'ombe ni njema. Mboji ya majani na maganda ya jikoni ni njema. Lakini taka za mji zilizochanganyika na betri, mabati ya rangi na nyaya si mboji, hata zikiwa nyeusi na laini namna gani. Vivyo hivyo majivu. Majivu ya kuni safi hufaa shambani. Majivu ya matairi yaliyochomwa, au ya mbao zilizopakwa rangi, hayafai.

Njia ya nne ni udongo wenyewe, ikiwa mahali palikuwa gereji, au pa kuvunjia betri, au jaa, kabla hapajawa shamba.

Sasa sikilizeni tofauti hii, maana itatufaa mbele. Risasi haipandi kwa urahisi kutoka mizizini mpaka majani. Nyingi hukaa penye mizizi, na ile inayokutwa juu ya majani mara nyingi ni vumbi na matope. Kwa hiyo kuosha kunasaidia. Kadimiamu ina tabia nyingine. Mmea huinywa pamoja na maji ukaipandisha mpaka ndani ya jani. Hiyo huwezi kuiosha, kwani huwezi kuosha ndani ya jani. Na mboga za majani, kama mchicha na matembele, hukusanya zaidi kuliko mboga za matunda, kama bamia, tungule na mabiringani.

Yanafanya nini mwilini?

Mtu hali sahani moja ya mchicha akaanguka. La, ingekuwa hivyo tungelijua mapema. Madini haya hujilimbikiza kidogo kidogo, kama mtu atiaye senti katika kibubu.

Risasi huwadhuru zaidi watoto wadogo na mimba. Mwili wa mtoto huifyonza mara 4 au 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Huenda katika ubongo unaokua. Mtoto huwa mzito wa kufahamu, hatulii, husahau alilofundishwa jana. Mzazi hudhani ni uvivu, na mwalimu humtia fimbo, kumbe mtoto hana kosa. Kwa mtu mzima risasi huharibu figo na kupandisha mbio za damu. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Kadimiamu hukaa katika figo. Ikiingia, hutoka polepole mno, na nusu yake yaweza kubaki mwilini miaka 10 mpaka 30. Figo zikiharibika, mifupa nayo hudhoofika.

Msidhani haya ni maneno ya vitabuni tu. Huko Japani, katika jimbo la Toyama, uko mto uitwao Jinzu. Juu ya mto ule palikuwa na mgodi wa Kamioka, na maji machafu ya mgodi yalikuwa yakiingia mtoni. Wakulima wa chini walimwagilia mpunga wao kwa maji yale, kwa kuwa hawakuwa na maji mengine. Kadimiamu ikaingia katika mchele. Watu wakala miaka na miaka. Hatimaye kina mama, khasa wale waliokwisha kuzaa na umri kusogea, walianza kuumwa mifupa. Mifupa ikawa milaini, ikavunjika hata kwa kikohozi. Wajapani waliuita ugonjwa ule itai-itai, maana yake "inauma, inauma". Mwaka 1968 serikali ya Japani ilitamka rasmi kwamba ugonjwa ule ulitokana na uchafu wa mgodi. Angalieni basi: mgodi ulikuwa juu, mashamba yalikuwa chini, na aliyeugua ni yule aliyekula wali wake nyumbani.

Na karibu nasi zaidi ni Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za gari zilizokwisha kazi ili kupata risasi. Moshi na maji ya kiwanda vikaingia majumbani. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda kile, aligundua kwamba mtoto wake mchanga ana risasi katika damu. Hakunyamaza. Yeye na wenzake walidai mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Pesa ni pesa, lakini hazirudishi akili ya mtoto. Ndiyo maana tunazungumza kabla ya madhara.

Je, katika mboga zetu?

Katika mji wa Dar es Salaam, Mto Msimbazi hutoka vilima vya Pugu ukapita katikati ya mji mpaka baharini. Mto huo na kijito cha Sinza vimepokea maji machafu ya viwanda na ya majumba kwa miaka mingi, na kandokando yake watu wamelima mboga za kuuza. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walichapa taarifa ya upimaji wa mboga za majani zilizolimwa pale. Walikuta risasi, kadimiamu, shaba na zinki katika majani yanayoliwa. Hapa Zanzibar nako mboga zinazoliwa na watu zimepata kupimwa madini mazito, na taarifa yake ilichapwa mwaka 2012. Basi swali hili si la Japani peke yake. Ni letu.

Tena kumbukeni kwamba si mboga zote zilizopo katika soko la Mwanakwerekwe zimelimwa Unguja. Kabichi, karoti, vitunguu na tungule nyingi huvuka bahari kutoka bara. Kwa hiyo mtu wa Unguja anakula maji ya kisima cha jirani yake, na anakula pia maji ya mito asiyoijua jina.

Tufanye hesabu

Shikeni kalamu. Chukua gramu moja ya chumvi, yaani chumvi kidogo tu. Ukiigawa mafungu 1,000 yaliyo sawa, kila fungu ni miligramu 1.

Tume ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya imeweka mpaka wa mboga za majani. Kilo 1 ya majani isizidi miligramu 0.3 za risasi, wala isizidi miligramu 0.2 za kadimiamu. Mtu ataona ni kidogo mno. Ni kweli: mchicha ulio katika mpaka huo, ili upate gramu moja tu ya kadimiamu, itakupasa ukusanye kilo 5,000. Basi kwa nini tuogope?

Tazameni hesabu hii. Wataalamu wa mashirika hayo walisema mwaka 2010 kwamba katika chakula chake chote cha mwezi, mtu asipate zaidi ya miligramu 0.025 za kadimiamu kwa kila kilo ya uzito wake. Mama mwenye kilo 60 basi:

60 mara 0.025 ni miligramu 1.5 kwa mwezi.

Mama huyu akila robo kilo ya mchicha kila siku, na mchicha ule uko pale pale penye mpaka wa 0.2:

Robo ya 0.2 ni 0.05 kwa siku. 0.05 mara siku 30 ni miligramu 1.5 kwa mwezi.

Mmeona? Kiasi chake chote cha mwezi kimekwisha kwa mchicha peke yake, na bado hajala wali, hajala mkate, hajala samaki. Na mtoto wake mwenye kilo 15 ni robo ya mama yake. Yeye hufika mpakani kwa gramu 62 tu za mchicha kwa siku, yaani kibakuli kidogo.

Na hiyo ni mboga isiyovuka mpaka. Ikiwa imevuka mara mbili, kata hesabu yako nusu. Na kuhusu risasi, mwaka huo huo wa 2010 wataalamu walikiondoa kipimo chao cha zamani cha kila wiki, kwa sababu waliona hakiwezi tena kuhesabiwa kuwa cha kumlinda mtu.

Sikutoa hesabu hii ili mtu akimbie mchicha. Nimeitoa ili muone kwamba kula mboga ya shamba moja, kila siku, mwaka mzima, si sawa na kuila siku moja moja. Anayebadilisha mboga na mashamba hugawanya hatari. Anayekula ya mahali pamoja huilimbikiza, ikiwa mahali pale ni pabaya.

Vipi mboga za kilimo hai?

Siku hizi wapo wanaosema, "Mimi nanunua mboga ya kilimo hai, basi nimesalimika." Kilimo hai ni kulima bila mbolea za chumvichumvi za kiwandani na bila dawa kali za wadudu. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kanuni zake mwaka 2007, na mazao yaliyokaguliwa hutiwa alama ya Kilimohai. Ni kazi njema, na hapa Unguja wakulima wa viungo wanaifahamu.

Lakini tupime maneno kwa mizani. Mwaka 2014 wataalamu walikusanya taarifa 343 za utafiti kutoka nchi mbali mbali, wakalinganisha mazao ya kilimo hai na mazao ya kilimo cha kawaida. Waliona kwamba mazao ya kilimo hai yalikuwa na kadimiamu pungufu kwa asilimia 48, yaani karibu nusu. Sababu moja inayotajwa ni mbolea za fosfeti, ambazo huja na kadimiamu kidogo kutoka katika mawe yanayotengenezwa mbolea hizo. Lakini katika risasi hawakuona tofauti ya kutegemewa.

Kwa nini? Kwa sababu vumbi la barabara halimuulizi mkulima anatumia mbolea gani. Maji ya mtaro hayajui kusoma alama. Mkulima wa kilimo hai aliye kando ya gereji yumo hatarini, na mkulima wa mbolea ya kiwandani aliye mbali, mwenye kisima safi, huenda mboga yake ikawa bora kwa upande wa risasi. Tena hata kilimo hai huruhusu baadhi ya dawa za shaba kwa maradhi ya ukungu, na samadi ya kuku wa vyakula vya kiwandani yaweza kuleta shaba na zinki. Kwa hiyo swali la "imelimwa kwa mbolea gani?" ni zuri, lakini halitoshi. Ongeza mawili: "Shamba liko wapi?" na "Limenyweshwa maji gani?"

Mkulima afanye nini?

Fikirini mama mmoja mwenye matuta kumi ya mchicha kando ya barabara, karibu na mtaro. Kwa mchicha ule anasomesha watoto. Mtu akimwambia "Acha kulima," amemwambia "Acha kula." Hatutasema hivyo. Tutasema yanayowezekana.

Kwanza, abadilishe maji kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote. Kisima kilicho juu ya mtaro, au maji ya mvua yaliyokingwa katika pipa safi, ni bora. Na akishavuna, asisuuze mafungu ya mchicha katika maji ya mtaro ili yang'are.

Pili, asogeze matuta ndani, mbali na barabara kwa kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Ule ukingo wa barabarani aupande ua wa miti minene ya kuzuia vumbi.

Tatu, afunike udongo kwa majani makavu, ili mvua isirushe matope juu ya mboga.

Nne, atie samadi na mboji safi kwa wingi. Udongo wenye mboji hushika madini, yasipande mmeani kwa wepesi. Udongo mchachu huyaachia, na udongo wenye chokaa huyazuia. Huko kwenye maweni, penye mawe ya matumbawe, udongo una chokaa yake. Penye udongo mwekundu wa kina, umwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba kama unahitaji kutiwa chokaa, na kiasi gani.

Tano, pakiwa na shaka, asipande majani. Apande bamia, mabiringani au mahindi. Mchicha wa kula na watoto aupande katika magunia au matuta ya juu yaliyojazwa udongo safi ulioletwa kutoka mahali pengine.

Sita, betri iliyokwisha kazi isivunjwe uani, wala maji yake yasimwagwe, wala isifukiwe shambani. Anayevunja betri uani hutia sumu mahali watoto wanapocheza, na watoto hutia vidole mdomoni.

Mnunuzi na mpishi wafanye nini?

Wewe unayekwenda sokoni, uliza. Usiulize kwa ukali kama askari. Sema, "Bibi, mchicha wako mzuri, umetoka wapi?" Muuzaji mwema atafurahi kujibu, na wakiulizwa na wengi, wataanza nao kuwauliza wakulima wao. Usimvunjie mtu biashara kwa dhana. Hakuna anayeweza kusema mchicha huu una risasi kwa kuutazama, si mimi wala si wewe.

Badilisha mboga. Leo kisamvu, kesho bamia, keshokutwa maharage, siku nyingine mchicha.

Osha kwa maji matatu. Maji ya kwanza loweka, ili matope yashuke chini. Ya pili sugua kila jani kwa vidole. Ya tatu suuza. Kisha kata. Usikate kwanza ukaosha baadaye. Majani ya nje ya kabichi yatupe. Karoti na muhogo menya.

Na usiache kula mboga. Hili naomba mlishike kuliko yote. Mwili usio na chuma na chokaa ya kutosha huifyonza risasi kwa pupa, kama mwenye njaa asiyechagua chakula. Mtoto aliyeshiba dagaa, maharage, maziwa na mboga ana kinga kuliko mtoto wa wali mtupu. Mpe na chungwa au embe, kwa kuwa matunda hayo husaidia mwili kupokea chuma. Mboga safi ni dawa ya ubaya wa mboga chafu. Tunatafuta iliyo safi, hatukimbii mboga.

Tuandike barua

Nilisema kwamba madini haya hujulikana kwa kupimwa. Kupima ni kazi ya maabara, na maabara zipo. Zanzibar ina Wakala wa Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ina Wakala wa Chakula na Dawa, na ina Chuo Kikuu cha Taifa. Lakini maabara haiwezi kujua habari za kisima chenu bila ya kuambiwa. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapomfaa mtu. Andikeni pamoja, darasa zima, mtie saini zenu, asiyejua bado kutia saini afundishwe leo. Mfano wake ni huu:

Kwa Sheha wa Shehia ya ........
Tarehe ........

Sisi wanafunzi wa darasa la kisomo la ........ tunakusalimu. Katika shehia yetu wako watu ...... wanaolima mboga karibu na ........ Maji wanayotumia yanatoka ........ Tunaomba utufikishie ombi letu kwa Bwana Shamba na kwa wakuu wa maabara, ili maji hayo, udongo na mboga vipimwe risasi na kadimiamu. Tuko tayari kumsaidia mpimaji. Tunaomba majibu yaandikwe kwa Kiswahili na yabandikwe mahali ambapo watu wote watayasoma. Ikionekana maji si mema, tunaomba tushauriane juu ya maji mengine, kwani wakulima hawa wanaishi kwa mboga hizo.

Sisi wako,
........

Mpimaji akija, mwonyesheni shamba lote. Udongo wa kupimwa huchukuliwa mahali kumi au zaidi katika shamba, kwa kina cha shubiri moja, ukachanganywa vizuri katika ndoo safi ya plastiki, kisha huwekwa kiasi cha kilo moja katika mfuko safi. Juu ya mfuko andikeni jina la shamba na tarehe. Mfuko usioandikwa ni udongo tu.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kuosha kunasaidia zaidi kwa risasi kuliko kwa kadimiamu?
2. Taja njia nne zinazoingiza madini mazito katika mboga. Ipi iko karibu na nyumba yako?
3. Mtoto ana kilo 20. Kwa mwezi asipate zaidi ya miligramu ngapi za kadimiamu? (Zidisha 20 kwa 0.025.)
4. Jirani yako anasema, "Mboga yangu ni ya kilimo hai, basi haina risasi." Utamjibuje kwa heshima?
5. Mkulima hana maji mengine ila ya mtaro. Darasa lifikirie mambo matatu anayoweza kuyafanya msimu huu.

Wazee wangu na ndugu zangu, muda wetu umekwisha. Darasa litakaloandika barua liweke nakala yake, na majibu yakija yasomwe darasani kwa sauti, yawe mema au mabaya, kila mtu asikie.